Namba Niliyomficha Nyapara

Vijana wangu, nyinyi mnaosomea uuguzi na udaktari, mkija hapa kwangu Roret huwa mnaniuliza kama zamani kulikuwa na presha. Mnauliza mkicheka, kama mtu anayeuliza kama zamani kulikuwa na simu. Ilikuwepo. Ilikaa na watu kwenye kambi za majani chai, ikala nao, ikapanda nao mteremko na kikapu mgongoni, na hakuna aliyeijua jina. Watu walikuwa wanaanguka tu. Mmoja alisemekana amerogwa, mwingine amepigwa na upepo mbaya, wa tatu ni pombe. Tunazika, kesho yake tunarudi kazini.

Mimi nilikuwa dresa. Siku hizi neno hilo hamlitumii. Dresa aliosha vidonda, akafunga bandeji, akachoma sindano, akagawa dawa ya minyoo na kuandika kila kitu kwenye kitabu kikubwa. Nilifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini katika dispensari ya shamba moja, upande wa Kericho unaoteremka kwenda Bomet. Nilianza miaka michache baada ya uhuru, kijana wa kaptula iliyopigwa pasi mpaka inakata. Mambo ya ushujaa mtasimuliwa na wengine. Mimi nitawaambia nilichokiogopa.

Mkubwa wangu kazini alikuwa Mzee Ogeto, Mkisii mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Hakuwa na shahada, lakini kambi nzima ilimwita daktari, na mimi hadi leo namwita hivyo. Mashine ya kupima presha ilipofika kwetu, ilikuja ndani ya sanduku jembamba la mbao. Ukilifungua, kifuniko kinasimama wima, na kwenye kifuniko kuna bomba la kioo lenye zebaki. Alinifundisha kwa siku mbili. Mvue mtu sweta, usipime juu ya sufu. Funga kitambaa juu ya kiwiko, mkono uwe usawa wa moyo. Mwache akae kwanza, asiongee. Aliyetoka kupanda kilima na kikapu atakupa namba ya kilima. Aliyebanwa na mkojo mpeleke chooni. Jaza hewa, halafu iachilie polepole ukisikiliza: mlio wa kwanza ni namba ya juu, na pale mlio unapopotea ni namba ya chini.

Siku ya tatu akaenda likizo kwao. Akaniambia, “Jizoeze na watu wazima. Andika kila namba. Ukiona kitu hukielewi, andika hata hicho, nitakikuta.”

Nikaanza kujizoeza. Mlinzi wa stoo aliniuliza kama hiyo mashine inaweza kuonyesha kama bibi yake anampenda. Nikamwambia kwa kazi hiyo lazima alete mkono wa bibi. Siku moja nilisahau kutia mipira ya kusikilizia masikioni, nikasikiliza kimya kitupu, nikaandika kwamba mpishi wa meneja hana presha kabisa, naye amesimama mbele yangu ananiuliza kama anaweza kurudi jikoni. Kwa siku chache hizo nilijiona mtu mkubwa.

Ndipo akaja Arap Tonui.

Arap Tonui alikuwa nyapara wa sehemu yetu ya shamba. Mtu wa miaka kama hamsini, shingo nene, na sauti ambayo akiita jina juu ya kilima, mwenyewe anaitikia bondeni. Sikuwahi kumwona dispensari. Alikuja kwa sababu kichwa kilikuwa kinamuuma kisogoni kila akiamka, na kwa sababu alikuwa amesikia kuna kitu kipya.

“Chamgei, dresa,” akanisalimu kwa lugha yao.

“Chamgei mising, mzee.”

“Nipe dawa ya kichwa. Halafu unifunge na hiyo kitu yako, tuone kama itaniweza.”

Nikamkalisha. Mkono wake ulikuwa mnene, kitambaa kikafika kwa shida. Nikajaza hewa mpaka pale nilipozoea kuishia, na badala ya kimya nikasikia mlio tayari unagonga. Nikaongeza. Bado unagonga. Nikaongeza mpaka zebaki ikapanda mahali ambapo sijawahi kuiona, ndipo nikapata kimya. Nilipoachilia hewa, mlio wa kwanza ulikuja kwenye mia mbili na thelathini. Ulipotea kwenye mia na arobaini.

Nikapima tena. Ikawa ile ile. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ukungu bado umelala juu ya majani, lakini jasho lilinitoka kwapani.

“Inasema nini?” akauliza.

Huyu ni mtu aliyeweza kumwondoa mtu kambini kwa neno moja. Nikimwambia ni mgonjwa, na kumbe nimekosea mimi, nitachekwa shamba zima. Na kama sikukosea, nitamwambia nini tena baada ya hapo? Dawa sina. Daktari hayupo.

“Inasema wewe ni ndume,” nikamwambia.

Akacheka, nikacheka. Nikampa vidonge viwili vya kichwa, akaenda zake. Nilikuwa nimeshaiandika namba kitabuni. Nikaitazama kwa muda, kisha nikachukua wembe wa kukatia plasta nikaikwaruza mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Juu yake nikaandika kwamba mashine haifanyi kazi vizuri. Nikaifunga mashine, nikaiweka juu ya kabati.

Nikiwaambia kwamba niliamini mashine ni mbovu, nitakuwa nawadanganya. Niliogopa. Na mtu mwenye hofu hakosi sababu.

Zikapita kama wiki mbili. Nilikuwa nikimwona nyapara kila siku kwa mbali, anatembea, anafoka, anavuta sigara, na kila nikimwona nilijiambia: unaona, yuko sawa. Lakini nilikuwa nabadilisha njia nisikutane naye.

Siku ile nilikuwa mahali pa kupimia majani, mchana, namfunga kidole mchunaji aliyejikata. Wachunaji wamepanga foleni na vikapu, Arap Tonui ameshika karatasi anaita majina. Akaita jina la Mama Agneta. Huyu alikuwa mchunaji kutoka Maragoli, mjane, mama wa miaka kama arobaini. Mama Agneta akasogea, lakini nyapara akaliita tena, na safari hii jina likatoka limevurugika, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Mtu mmoja kwenye foleni akasema, “Leo nyapara ameamkia chang'aa.” Watu wakacheka.

Na mimi nilicheka. Nataka mlijue hilo.

Kisha karatasi ikamwanguka. Akautazama mkono wake wa kulia kama anautazama mkono wa mtu mwingine. Mdomo ukavutika upande. Mama Agneta ndiye aliyepiga kelele wa kwanza. Nyapara akaenda chini polepole, nguzo ya mizani ikamzuia kidogo, halafu akateleza.

Nilijua kabla hajafika chini.

Tulimpeleka hospitali kubwa kwa lori la majani, amelala juu ya magunia, mimi nimemlaza kichwa upande ili mate yasimkabe. Barabara ilikuwa mbaya, na mvua ya mawe ikatukuta njiani, nikamfunika kwa koti langu. Jicho lake moja lilikuwa wazi, linanitazama njia yote. Hata sasa sijui kama lilikuwa linaona.

Daktari Ogeto aliporudi kutoka likizo, hakuuliza mengi. Alifungua kitabu, akauinua ule ukurasa kuelekea dirishani. Mwanga ukapita pale nilipokwaruza.

“Ulipata ngapi?”

Nikamwambia.

Akaishusha mashine kutoka juu ya kabati, akajipima mwenyewe, akanipima mimi. Kisha akafunga kifuniko. “Mashine ni nzima,” akasema. Basi. Nilitamani anipige makofi. Mtu akikupiga, jambo linakwisha.

Nyumba ya nyapara pale shambani ilipewa nyapara mwingine. Arap Tonui alipotoka hospitali walimrudisha kwake, kilimani, mwendo wa saa moja kutoka kambini. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yamemwisha, amebaki na mawili matatu. Daktari Ogeto akaniambia siku ya Jumapili, “Vaa viatu, twende kwa Tonui.”

Nikamwambia sina nguvu ya kwenda.

“Dresa anayeogopa nyumba ya mgonjwa wake aende akauze mboga,” akasema, akatangulia.

Mkewe, Kobot Chepkoech, yaani mama yake Chepkoech, alitukaribisha kwa maziwa ya kibuyu. Nyapara alikuwa ameketishwa karibu na ukuta, amefunikwa blanketi. Daktari alianza kuuliza taratibu, kama mtu anayepiga soga. Mzee alikuwa anakula nini? Chumvi je?

“Chumvi aliweka kabla ya kuonja,” mama akasema. “Nyama akiiona tu, mkono unaenda kwa chumvi. Zamani kwa mama yake hakuwa hivyo. Alijifunza huko shambani, wakipika kwa mafuta ya mkebe.”

“Sigara?”

“Pakiti. Na ile pombe kali, kwanza ilikuwa Jumamosi. Baadaye siku zote zikawa Jumamosi.”

“Alikuwa analala vizuri?”

Mama akamvutia mumewe blanketi. “Hakuwa analala. Meneja alimwambia majani yakipungua, nyumba inaenda kwa mtu mwingine. Wazungu wanamfokea kutoka juu, watu wanamchukia kutoka chini. Alikuwa anakaa kwenye kitanda anahesabu watu ambao hawakuja kazini. Nilimwambia, mzee, utapasuka.”

Kisha akanigeukia mimi, bila hasira. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba hakuwa na hasira.

“Siku ile ulimpima, alikuja nyumbani akaniambia, ‘Uso ya dresa iligeuka.’ Nikamwambia rudi uulize. Akasema hapana, nikiuliza nitaambiwa.”

Nilikiweka kikombe cha maziwa chini. Nilidhani hofu ilikuwa yangu peke yangu. Kumbe tulikuwa watu wawili chumbani, kila mmoja anaogopa namba ile ile, na tukacheka pamoja.

Tukirudi, daktari hakunihubiria. Alisema tu, “Una vipimo viwili. Kimoja ni zebaki, cha pili ni uso wako. Mgonjwa anasoma hicho cha pili.” Hatua chache mbele akasimama karibu na kitalu cha miche, akanionyesha mpira wa kumwagilia. Akaukunja kidogo, ukavimba nyuma ya mkunjo na kutetemeka. “Chumvi inaongeza maji ndani ya mpira. Sigara inaubana. Pombe na kukosa usingizi vinapiga pampu fimbo. Na hofu ya kufukuzwa kazi ni mkono ambao hauachilii kamwe. Mpira unavumilia miaka mingi bila kulia. Siku moja unapasuka.” Na alipomaliza kusema hayo akawasha sigara yake. Kila mwalimu ana somo lake asilolifuata.

Baada ya hapo daktari aliamua kila mtu mzima kambini apimwe. Tukatangaza. Hakuja mtu.

Nilipouliza, wakaniambia waziwazi. Ile mashine ndiyo ilimwangusha nyapara. Ilimkaza mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndio uliokufa. Hoja kama hiyo utaijibu vipi? Nilikuwa nimempima mkono wa kulia kweli. Wanawake walikuwa wakipita mbele ya dispensari wameficha mikono ndani ya leso. Mtu alivumilia jipu mpaka likaoza kuliko aje nimwone na sanduku lile mezani.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuogopa kila kitu. Kisogo kikiniuma kidogo, nauangalia mdomo wangu kwenye kioo. Nikiona mtu amesitasita katika maneno, nasimama namsikiliza mpaka amalize. Nilikuwa natembea kambini natazama shingo za watu, najiuliza: ni nani mwingine?

Mama Agneta alikuja kwa sababu ya moto. Alikuwa ameungua kifundo cha mguu na sufuria. Nikamwosha, nikamfunga, na nikiwa nimeinama nikaona anakunja macho akinitazama, kama mtu anayetazama jua.

“Macho yamefanya nini, mama?”

“Yanaona ukungu. Lakini huku kwetu ukungu ni kila siku,” akasema, akacheka.

Nikamsihi nimpime, mkono wa kushoto. Nadhani alikubali kwa sababu alikuwa peke yake na hakuna wa kumwona. Mia mbili na kumi kwa mia na ishirini. Safari hii nilijitahidi uso wangu ukae kama ubao, lakini yeye hakuwa akinitazama usoni. Alikuwa anatazama kalamu. Akanishika kifundo cha mkono.

“Usiandike, mwanangu.”

“Lazima niandike, mama.”

“Wewe unajua wanafanya nini na mtu akiandikwa mgonjwa mkubwa. Umewaona waliofukuzwa wakibeba masanduku yao. Mimi nina watoto wanne kwa mama mkwe kule nyumbani. Ukinifukuzisha kazi, hao watoto watakula hiyo namba yako?”

Nilijua kwamba hasemi uongo. Lakini pia nilikuwa namwona Arap Tonui chini ya mizani. Nikaandika. Nikamweleza namba, zote mbili, na maana yake, nikamwambia hospitali watatupa vidonge. Akasimama kabla sijamaliza.

“Umenimaliza,” akasema, akatoka akichechemea.

Nilimfuata Jumapili hadi kambini. Alikuwa mlangoni anapika. Kwenye sufuria kulikuwa na samaki wa chumvi, wale wakavu wagumu kama kuni, na pembeni mboga aliyoiwekea munyu, ile chumvi ya majivu ya kwao, na bado akaongeza kijiko cha chumvi ya duka. Nikamwambia, mama, hii chumvi.

Hakuinua kichwa. “Kwetu mboga tulipika na maziwa. Hapa maziwa nitoe wapi? Nakula mara moja kwa siku ili kitu kiende nyumbani. Ugali mkavu haupiti. Chumvi ndiyo nyama yangu, chumvi ndiyo maziwa yangu. Sasa unataka na hiyo uninyang'anye?”

Hapo nilijifunza jambo ambalo vitabu vyenu vinaweza kulipita haraka. Usimwambie mtu aache kitu kabla hujajua kile kitu kinashika nafasi ya nini.

Nilimwambia Daktari Ogeto yote. Alivua miwani, akaifuta, akaenda ofisini kwa meneja na mimi nyuma yake. Alisema Kiswahili cha heshima lakini hakutikisika. “Mwenye presha anayemeza dawa anachuna kama mwingine yeyote. Ukimfukuza mmoja, kumi watajificha, na wataanguka mmoja mmoja kwenye mizani yako. Hiki kitabu kibaki kwangu.” Meneja akasema anachotaka yeye ni majani, kitabu kikae na mwenyewe. Daktari alipotoka nje niliona shati lake limelowa mgongoni. Na yeye alikuwa ameogopa.

Tukawaambia watu kwamba hakuna atakayefukuzwa, na kwamba mashine haimwangushi mtu. Hawakuamini. Maneno yetu yangeshindanaje na mwili wa nyapara?

Nikaenda peke yangu kilimani kwa Arap Tonui. Nilikaa mbele yake kwenye kigoda, mkewe akiwa hapo, nikamwambia kila kitu: mia mbili na thelathini, wembe, kicheko. Nikamwambia nahitaji aje kambini apimwe mbele ya watu. Alinitazama. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo, mkewe akayafuta. Sikujua kama anafikiri au ananilaani. Kisha akainamisha kichwa mara moja, kukubali.

Jumamosi mkewe alimleta kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kambi ilitoka kutazama, watu wakasimama mbali, kama wanaotazama moto. Tukamkalisha kwenye kiti nje ya dispensari. Nikashika mkono wake wa kushoto nimfunge. Akaukwepesha. Akautumia kuuinua ule wa kulia, uliokufa, akauweka mezani mbele ya mashine kama mtu anayetua mzigo. Watu wakaguna.

Sasa mikono yangu ndiyo iliyokuwa imekufa. Nilimfunga, nikajaza hewa, nikasikiliza. Alikuwa anameza vidonge vya hospitali. Nikasoma kwa sauti: mia na sabini kwa mia moja. Nikasimama, nikawaambia, “Siku ile, kabla hajaanguka, ilikuwa mia mbili na thelathini. Nilijua, nikamficha. Mashine haikumwangusha. Mimi ndiye niliyenyamaza.”

Nilisikia ng'ombe akicheua. Nilikuwa nangoja jiwe.

Arap Tonui akageuza kichwa polepole, akawatazama wale watu aliokuwa akiwaita majina kila mchana, mpaka akampata aliyemtaka. Akamnyooshea Mama Agneta kidole cha mkono wa kushoto. Mdomo ukahangaika, neno likapotea, likarudi.

“Pima,” akasema.

Mama Agneta akaanza kukunja mkono wa sweta huku anatembea. Alipofika karibu nami akaninong'oneza, “Ukiniangusha, nitakuangukia wewe.” Nyuma yake wakaja wengine. Mpaka jioni tulikuwa tumepima foleni nzima, na wangapi walikuwa na namba mbaya bila kuumwa hata ukucha! Hiyo ilinitisha kuliko yote. Watu wenye nguvu, wenye kucheka, waliokuwa wamebeba vikapu asubuhi ile.

Msidhani yaliyofuata yalikuwa rahisi. Vidonge vya wakati ule vilikuwa vidonge kweli kweli. Kuna vile vidogo vyeupe vilivyoziba pua na kumtia mtu huzuni bila sababu. Nilimkuta Mama Agneta analia kati ya mistari ya chai, akaniambia hajui anamlilia nani. Daktari akambadilishia. Kuna wakati alijisikia mzima akaviacha, hakuniambia, na damu ikamtoka puani mbele ya mizani. Alirudi mwenyewe, amekasirika kama mimi ndiye niliyeviacha. Ndiyo maana nawaambia: mgonjwa akisema amepona presha, usimpongeze. Vuta kitambaa umpime.

Chumvi tuliipunguza kama unavyomwachisha mtoto ziwa. Kijiko, nusu kijiko, ncha ya kijiko. Samaki alimloweka usiku kucha, maji akamwaga, akamloweka tena. Munyu au chumvi ya duka, siyo vyote viwili. Na Kobot Chepkoech, bila kuambiwa na mtu, alianza kumletea kibuyu cha maziwa kila akija kuchukua dawa za mumewe, mboga ikarudi kupikwa kama ya kwao. Mmoja alikuwa mke wa nyapara, mwingine mchunaji aliyefokewa na nyapara huyo. Walikaa kwenye benchi langu, Kiswahili chao cha kuokoteza, wakicheka mambo ambayo mimi sikuyaelewa.

Arap Tonui aliishi miaka kadhaa. Kiharusi cha pili kilimchukua akiwa ameketi juani, na nilikuwa miongoni mwa waliombeba. Sikuwahi kumsikia akisema amenisamehe. Hakuwa na maneno ya kutosha, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Mama Agneta alichuna mpaka mwili ukachoka kwa uzee wa kawaida. Siku ya kuondoka, binti yake mkubwa, Agneta mwenyewe, alikuja kutoka Maragoli kumbebea sanduku. Msichana wa miaka ishirini na kidogo, mwembamba, mcheshi, ameanza kufundisha shule. Walipita kuniaga. Mama akasema, “Mpime na huyu.”

Nilitaka kukataa. Nilikuwa nimepima maelfu ya mikono, lakini huu niliuogopa. Huyu ni mmoja wa wale watoto wanne waliokula jasho la mama yao, na nilijua kwamba ugonjwa huu hupita katika damu kama sura. Nikamkalisha, nikamwambia asiongee, ingawa hilo lilimshinda. Nikasikiliza. Nikapima mkono wa pili. Nikangoja, nikapima tena.

Mia na hamsini na mbili kwa tisini na sita.

Mama yake alikuwa ananitazama usoni. Sikuuficha. Nikamwambia msichana namba zote mbili, nikamwambia kwa umri wake ni kubwa, arudi kupimwa kule kwao kila mwezi, na kwamba anao muda ambao wengine hawakupewa.

Agneta hakulia. Alishusha mkono wa blauzi, akafunga kifungo, akaniuliza kama chumvi ya kwenye mkate nayo inahesabiwa.

Nikavuta kiti, nikakaa.